Salamu ya Mkono wa Kushoto

Jitu la kumi na nne la siku ile lilikuwa na mikono sita, na akili yake haikutosha hata mkono mmoja. Nilisimama nyuma yake, nikalipiga kisigino mara arobaini mfululizo, likafa huku bado linanitafuta mbele. Nikaandika kwenye fomu: "Njia moja inatosha kulishinda. Lirudi kwa waliolitengeneza." Kisha nikavua glavu na kunyoosha mgongo, ukalia kama mlango wa stoo.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Naitwa Sekela Mwaisumo, mkaguzi wa majitu hapa Mbeya, mwaka wa kumi na tisa sasa. Vijana wakisikia kwamba nacheza gemu kutwa nzima na serikali ndiyo iliyoniajiri, wananionea gere. Sijui niwaambieje. Mpaka siku ninayoisimulia nilikuwa nimekufa mara elfu kumi na moja na ushee. Nimechomwa, nimekanyagwa, nimetafunwa, na kila nikifa natakiwa niandike nimekufaje. Ukifa hivyo miaka kumi na tisa, hata kufa kwenyewe kunachosha.

Zamani majitu yalikuwa ya burudani tu. Unapita ngazi zote za gemu, mwishoni unakuta jitu limeziba njia, unalipiga, unapigiwa muziki wa ushindi, unakwenda kula. Halafu vikaja vifaru. Vifaru ni mitambo ya kuchimba inayojiongoza yenyewe chini ya ardhi, mirefu kama nyumba ya ghorofa mbili. Mara mojamoja kifaru hupotewa na akili kikaanza kuchimba kisichotakiwa: nguzo, ngazi, watu. Hapo hushuka mtulizaji, naye yumo ndani ya mtambo mdogo anaouendesha kwa glavu zilezile za gemu, akapambana nacho mpaka akizime.

Watulizaji wa kwanza walikuwa mabingwa wa gemu, na walikufa karibu wote. Walizoea majitu yenye udhaifu mmoja: ukishaujua unaurudia tu mpaka jitu lianguke. Kifaru kilichochanganyikiwa hakirudii kosa lake. Ndipo ikaja Kanuni ya Njia Tatu, kwamba jitu la kuwatahini watulizaji kabla ya kupewa kibali halipitishwi kama mtu anaweza kulishinda kwa ujanja mmoja. Lazima limlazimishe akwepe, akinge, avizie, abadilike katikati ya pambano. Na lazima mkaguzi mmoja aweke jina lake na kidole gumba chake kwamba amelijaribu kila upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikuwa Kapufi, mkuu wangu wa kazi. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, na kila asubuhi hunisalimia kwa heshima zote kabla ya kunipa kazi ya watu watatu. Siku hiyo, Ijumaa, aliingia anatabasamu, nikajua kuna jambo.

"Wale wa machimbo ya Lwika wametutoa kimasomaso," alisema, akaniwekea kishikwambi mezani. "Watahiniwa arobaini na mmoja, wamefaulu arobaini na mmoja. Tena kwa lile jitu lako, Shangazi."

Jina lake rasmi ni Jitu Namba Sabini na Saba. Watahiniwa ndio waliolibatiza Shangazi, kwa sababu husimama langoni limekunja mikono, na chochote utakacholiletea halipendezwi. Kwa kawaida kwa Shangazi hupita nusu ya watahiniwa, na hao nusu hutoka wamelowa jasho.

"Wamefaulu wote?"

"Wote."

"Mara ya kwanza?"

"Mama, naomba usianze," Kapufi alisema. "Niandikie aya mbili za pongezi, Jumatatu nizipeleke kwa wakubwa. Mbili tu. Halafu nenda kapumzike, unaonekana umechoka."

Nilikuwa nimechoka tangu watu wa Lwika wengine hawajazaliwa. Lakini sikumwambia, maana huko Lwika, kwenye yale machimbo, ndiko aliko mdogo wangu Ambakisye, na jina lake lilikuwa la thelathini na tano kwenye orodha ya waliofaulu. Ni kitinda mimba wetu. Mama alifariki Ambakisye akiwa na miaka minne, mimi nikiwa na ishirini na saba, nikambeba mgongoni mpaka mtaani wakadhani nimemzaa. Niliposoma jina lake nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi kabla ya kufikiri.

*

Nilifungua rekodi ya kwanza na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Nilipofika rekodi ya tano chai ilikuwa bado ya moto, na hapo ndipo nilipokiweka kikombe chini.

Pambano la Shangazi huchukua dakika ishirini. Fundi kabisa hulimaliza kwa kumi na tano. Hawa wa Lwika walitumia dakika moja na nusu kila mmoja. Mtahiniwa anaingia, anainama, anabiringika kushoto, anapiga nyonga ya Shangazi kwa ngumi ya kushoto. Anabiringika tena kushoto, anapiga palepale. Shangazi anakinga upande wa kulia, ambako hakuna mtu, na anaendelea kuukinga mpaka anaanguka. Watu arobaini na mmoja, pambano moja. Ungedhani mtu mmoja amebadilisha mashati tu.

Ya thelathini na tano ilikuwa ya Ambakisye. Kwenye rekodi huoni uso, unaona mtambo tu, lakini ningemtambua popote. Kabla ya kupiga alizigonga ngumi zake mbili pamoja, mara mbili, kama alivyokuwa akifanya utotoni nikimsogezea beseni la maji ya baridi kuoga.

Mwanzoni nilimkasirikia yeye. Halafu nikaikumbuka glavu.

Jitu haliji na akili yake. Hulishwa. Mkaguzi hupambana nalo mara mia sita, raundi fupifupi, na kila njia anayoijaribu jitu hujifunza kuizuia. Baada ya hapo akili yake hufungwa, na anachokijua ni kile tu alichofundishwa na mkaguzi. Mwaka niliomlisha Shangazi, kidole cha shahada cha glavu yangu ya kushoto kilikuwa kimekufa. Niliomba glavu mpya mara tatu, nikajibiwa mara tatu kwamba ombi langu linashughulikiwa. Shangazi alikuwa jitu la tatu mwezi huo na nilikuwa naona kizunguzungu. Nikajiambia pande zake mbili zinafanana, akijua kukinga kulia atajua na kushoto. Mtu yeyote mwenye mikono miwili angewaza hivyo, kumbe jitu halijui kwamba lina pande mbili mpaka liumizwe zote. Nikapambana mara mia sita kwa mkono wa kulia. Mwishoni nikaandika, "Kushoto: sawa." Nikaweka kidole gumba.

Nilivaa glavu yangu ya kushoto ya sasa, ambayo ni nzima, nikaingia kwa Shangazi, nikabiringika kushoto. Alianguka kwa sekunde themanini na nane. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kapufi alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Alipoona nimemaliza aliufunga mlango wa ofisi yake.

"Mama, hivi ilikuwa lazima uligundue hili leo Ijumaa?"

"Ningeligundua lini, mkuu?"

"Sikia." Akasogeza kiti karibu. "Ukijaza fomu ya kasoro, vibali arobaini na kimoja vinazimika papo hapo. Machimbo hayana watulizaji, kisheria yanafungwa. Watu mia mbili wanakaa nyumbani. Wataulizwa wakubwa, wakubwa wataniuliza mimi, mimi nitawaonyesha cheti, na kwenye cheti kuna kidole chako. Unga wako unamwagika, mama, na umebakiza miaka mitatu ustaafu."

"Najua."

"Na mdogo wako atakosa kazi."

"Najua alipo mdogo wangu, Kapufi."

"Basi tufanye hivi. Mlishe Shangazi upande wa kushoto, kimyakimya. Watakaokuja watapambana na aliyerekebishwa. Hawa waliopita wamepita. Kifaru cha mwisho kupotewa na akili Lwika ni miaka minne iliyopita." Akainuka, akanifungulia mlango mwenyewe. "Tena fomu hiyo inataka kidole cha mtahiniwa mmoja anayekiri. Nani atakukubalia? Fikiria mpaka Jumatatu."

Kapufi si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia. Alichosema ndicho nilichotamani kusikia, na nilirudi mezani kwangu nikakaa na mikono mitupu muda mrefu. Kisha nikaifungua akili ya Shangazi, nikavaa glavu na kumlisha kwa mkono wa kushoto, mara mia moja na kumi, mpaka ofisi ikafungwa. Hilo halikunilazimu kuamua chochote.

*

Lwika ni mtaa wa nyumba za kampuni, zote za rangi moja, juu ya kilima ambacho ndani yake kumejaa matundu. Jumamosi asubuhi nilimkuta Ambakisye nje ya mlango wake anasugua mabuti. Kwenye mkono wake ilikuwepo bangili ya kibali, inang'aa kijani.

"Shikamoo, dada! Mbona umekuja bila taarifa? Nani amekufa?"

"Marahaba. Hajafa mtu."

Alinikumbatia na mikono yake yenye povu. Mkewe, Tusajigwe, alikuwa amekwenda kwenye mazoezi ya kwaya, kwa hiyo alinitengea chai yeye mwenyewe, na parachichi kubwa alilolikata vipande na kulitia chumvi, kama ninavyolipenda. Nilikula kwanza. Mtu akikutengea chakula kwa upendo hivyo huwezi kumtolea habari mbaya mdomo ukiwa mkavu.

"Niambie kuhusu Shangazi," nikasema baadaye.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mmesikia! Ile tunaiita salamu, dada. Si unajua mtoto akimpa shangazi yake mkono wa kushoto? Basi huyu wetu anazimia kabisa kwa mshtuko."

"Nani aliigundua?"

"Mbutolwe. Yeye ni wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa, walimu walimchapa mpaka wakachoka wao. Akaingia wa kwanza, akapiga kama anavyopiga siku zote, Shangazi chali! Hata yeye hakuelewa. Kesho yake akarudi ukumbi wa mazoezi kutuonyesha."

"Akawaonyesha wote?"

"Sasa angemwacha nani?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli. "Dada, hapa zamu ikipanda kutoka chini hakuna anayeondoka mlangoni mwa machimbo mpaka wa mwisho atoke. Hata kama mvua inanyesha, hata kama una mgonjwa nyumbani. Unasimama. Na mtihani ni hivyohivyo. Ukifaulu unarudi kumvuta mwenzako. Hatuachani."

Walikuwa wamefanya kosa ambalo wabinafsi wasingeweza kulifanya. Nilitamani kumsifu na kumchapa kwa wakati mmoja.

"Amba, mtihani ule umekosewa."

"Umekosewa vipi? Kazi ya jitu ni kushindwa. Nimelishinda."

"Kazi ya jitu ni kukubadilisha."

"Limeshindwa kunibadilisha, basi. Mimi nina kosa gani hapo? Mtu ameshapata njia inayofika, aende atafute nyingine mbili za nini? Matembezi?"

"Kifaru kikichanganyikiwa kitakinga kulia?"

Nikatoa kishikwambi na jozi ya glavu kwenye mkoba, nikaviweka mezani katikati ya maganda ya parachichi. "Nimemlisha Shangazi upande wa kushoto. Ingia mara moja, nione."

Alivaa glavu anatabasamu. Akagonga ngumi zake mara mbili, akainama, akabiringika kushoto. Shangazi alimsubiri hukohuko, akamkanyaga. Sekunde nne.

"Ah! Umemharibu," alisema.

"Rudia. Nenda kulia."

Akarudia, akaenda kushoto. Akafa. Akarudia, akaenda kushoto. Akafa. Mara ya tano tabasamu lilikuwa limekwisha. Mara ya nane alikuwa anatukana chini kwa chini, kitu ambacho huwa hafanyi mbele yangu.

"Kulia, Amba."

"Si naenda!"

"Huendi."

Mara ya kumi na moja alivua glavu, akaziweka chini taratibu, akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Haisikii," alisema. "Naiambia kulia, dada. Haisikii."

Alikuwa ameirudia salamu ile mara mia mbili, mia tatu, kwa furaha, akiwaonyesha wenzake. Mikono ilikuwa imesoma vizuri sana somo moja. Niliogopa. Nilimwona kule chini, kwenye kiza na vumbi, anabiringika kushoto mbele ya kitu ambacho hakikulishwa na mtu yeyote.

"Jumatatu nashuka," akasema. "Mimi na Mbutolwe."

"Najua. Na kuna jambo jingine." Nikalisema haraka kabla sijageuza mawazo. "Kasoro ni yangu. Shangazi nilimlisha mimi. Glavu ya kushoto ilikuwa mbovu, nikaandika sawa bila kujaribu. Cheti kina kidole changu."

Nje mtu alikuwa anapiga deki, ndoo inakwaruza sakafu.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ukiripoti, kazi huna."

"Sina."

Alisugua uso kwa viganja. Alipoongea, sauti ilikuwa ya chini. "Basi nyamaza, dada. Umenilea. Sitaki nile chakula changu nikijua wewe umefukuzwa kwa sababu yangu. Mrekebishe Shangazi, mimi nitajifundisha hapa nyumbani, wenzangu nitawaambia wajifundishe. Hakuna atakayejua."

Lilikuwa neno la Kapufi, limetoka kwenye kinywa nilichokilisha uji. Nilikaribia kulipokea. Nilikuwa nimechoka, na kunyamaza hakuhitaji nguvu yoyote.

"Amba, niambie kweli. Mtu mwenye bangili ya kijani mkononi, kazi anayo, mtihani amefaulu. Baada ya zamu atakaa kufa mara mia kwa ajili ya jambo analoamini analijua?"

Alifikiri. Nampendea hilo, hajawahi kunidanganya kwa haraka.

"Mmoja," alisema. "Labda wawili."

"Kati ya arobaini na mmoja."

Nikafungua fomu ya kasoro kwenye kishikwambi. Jina la jitu. Jina la mkaguzi. Kasoro: jitu linashindwa kwa njia moja, mkaguzi hakujaribu upande wa kushoto na aliandika amejaribu. Niliweka kidole changu kwanza, ili asione nimemtanguliza yeye. Chini yake palibaki mraba mtupu wa mtahiniwa.

"Wataniita msaliti," Ambakisye alisema.

"Watakuita."

"Ungeweza kunidanganya kidogo, dada."

"Nimeshaandika uongo mmoja. Ona tulipofika."

Akagonga ngumi zake pamoja, mara mbili, akaweka kidole gumba kwenye mraba.

Bangili yake ilififia kutoka kijani hadi kijivu.

*

Tulianza kusikia milango. Mmoja, halafu mwingine, halafu mtaa mzima. Watu waliitana kutoka nyumba hadi nyumba, na ndoo iliacha kukwaruza. Simu yangu ikaita. Ilikuwa Kapufi. Niliigeuza kifudifudi, ikaendelea kutetemeka juu ya meza.

Mbutolwe hakubisha hodi. Ni mwanamke mrefu, wa umri wa Ambakisye, na alikuwa na unga wa ngano mpaka kwenye viwiko. Bangili yake ilikuwa ya kijivu.

"Amba, bangili yako? Na wewe!" Akaushika mkono wake, akautupa. "Mtaa wote. Nani kafanya hivi?"

Nilifungua kinywa, lakini Ambakisye alinitangulia. "Mimi. Na dada yangu."

Mbutolwe alimtukana. Sitayarudia aliyoyasema, lakini yalikuwa marefu na yalipangwa vizuri. Kisha akanigeukia mimi kwa hasira ileile. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumatatu watu mia mbili hawashuki kwa sababu yenu. Mnalijua hilo?"

"Tunalijua."

"Mbuto," Ambakisye alisema, "vaa glavu. Mara moja tu. Ukimshinda Shangazi, nitapiga magoti mlangoni mbele ya zamu nzima niombe radhi."

Alijifuta unga kwenye sketi na kuzivaa glavu kwa dharau. Akabiringika kushoto. Akafa. Akatusonya sisi wawili, akarudia, akafa. Mara ya tatu aliinuka kitini kabisa, akapiga kwa nguvu zote kana kwamba nguvu ndiyo iliyopungua, na Shangazi akamkanyaga palepale. Alikaa chini. Dirishani walikuwa wameshajaa watu.

"Nilidhani namjua," Mbutolwe alisema.

"Unamjua," nikamwambia. "Tatizo ni kwamba ni yeye peke yake unayemjua."

"Sasa mtu anatokaje hapa?"

"Sijui," Ambakisye akasema. "Nikitoka nitakuonyesha." Akamvua glavu taratibu, moja baada ya nyingine, akazivaa yeye.

Shangazi wangu wa jana asingetosha. Alikuwa anajua kulia, na sasa kushoto, basi. Ungemzoea tena kwa wiki moja. Wakaguzi tuna ruhusa ya kumvaa jitu, kupigana tukiwa ndani yake, ingawa ni kazi inayouma mabega na hakuna anayeifanya kwa hiari. Nilitoa jozi yangu mkobani. Glavu ya kushoto ilikuwa mpya, waliniletea mwaka jana hatimaye. Nikamvaa Shangazi, nikasimama langoni, nikakunja mikono. Mbele yangu ulisimama mtambo mdogo, na ndani yake mdogo wangu.

"Haya, dada," alisema. "Niue tena."

Nikamuua. Alikuja kushoto nikamkanyaga. Alikuja kushoto nikamrusha ukutani. Nilibadilika kila mara, mara naacha kushoto wazi kidogo kumtega, naye akaingia kwenye mtego kila nilipouweka. Mtoto niliyemfundisha kutembea kwa kumshika vidole viwili, nilimuua mara kumi, mara ishirini, na kila mara niliumia vile ambavyo miaka kumi na tisa ya kufa mwenyewe haikuwahi kuniumiza. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Simu iliita, ikanyamaza, ikaita. Tusajigwe alirudi kutoka kwaya akapenya katikati ya watu, akatazama, akakaa sakafuni karibu na Mbutolwe bila kuuliza.

Dirishani hawakuondoka. Nilitegemea waondoke, au watupe mawe. Walisimama tu, vile ambavyo husimama mlangoni zamu inapopanda na mmoja bado hajatoka.

Mara ya thelathini na moja Ambakisye alizigonga ngumi zake mara mbili. Akashusha pumzi. Bega lake la kushoto lilitangulia kama kawaida, nikainua mguu kumsubiri huko, na ghafla, kwa shida, kama mtu anayegeuza gari lililokwama kwenye tope, akajivuta.

Nilimuua hata hivyo. Lakini alikwenda kulia.